Chifu na Mji wa Kipindupindu

Kila Jumamosi nilipofika kufungua duka langu la vitabu vikuukuu mjini Kitale, Chifu alikuwa ameshatangulia. Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono mgongoni, akiangalia barabara kama mtu anayengoja kukagua gwaride. Nikimwambia karibu, alinijibu kwamba hakuja kukaribishwa, alikuja kuona kama kazi inaendelea. Kisha aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya rafu ya historia, akatoa miwani mfukoni, akaipuliza kioo kimoja baada ya kingine, na kusoma mpaka njaa ilipomwondoa.

Sasa amehamia Endebess kwa binti yake, kwa sababu magoti yamegoma na bibi yake amechoka kumwinua. Jumamosi zangu zimekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ya duka la jirani ikinguruma. Ndiyo maana namwandika. Ninajua atasoma, na ninajua atasahihisha.

Alikuwa amestaafu uchifu miaka mingi kabla ya kuanza kuja dukani, lakini sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lingine. Hata bibi yake alimwita Chifu. Chifu, toa viatu, sakafu imepigwa deki. Chifu, kuku ameingia jikoni. Naye alivua viatu na kumfukuza kuku kwa uso uleule aliokuwa nao zamani akisoma amri za serikali.

Riwaya hakuzitaka. Alisema mtu mzima anayeketi kuandika mambo ambayo hayakutokea anafaa kuitwa ofisini ajieleze. Alichopenda ni historia, na sababu yake ilikuwa rahisi: watu wa historia wamekwisha kufa, hawawezi kukubishia hodi wakati wa chakula kulalamika kwamba ng'ombe wa jirani amekula mahindi. Alisoma juu ya reli, vita, wafalme walionyang'anyana viti. Alisoma chochote, mradi wahusika wawe wametulia makaburini.

Kitabu kimoja kiliingia dukani ndani ya gunia moja na vitabu vya mapishi na kamusi zilizotoboka. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza, jalada lake limekatika. Kilisimulia jinsi kipindupindu kilivyoingia katika mji mmoja wa bandari huko Ulaya, zamani za meli za makaa: nani alijua kwanza, nani alificha, nani alikimbia, nani alibaki. Hakikuandikwa kwa namna ya wasomi wa vyuo, ambao maelezo yao ya chini hupanda mpaka yakaumeza ukurasa. Kiliandikwa kama mtu anayekusimulia mkiwa mmekaa, anakuonyesha mlango wa nyumba, anakuambia nani alikuwa anachemsha nini ndani. Chifu alikishika ili aangalie mchoro wa meli. Siku hiyo hakwenda kula. Bibi yake alinipigia simu kuuliza kama nimemfungia.

Jumamosi iliyofuata alikuja na jogoo kwapani, akamweka juu ya meza yangu, mzima, akinikodolea macho.

"Hiki kitabu usiuze," akasema.

Nikamwambia akichukue tu, ni zawadi. Akakataa. Nyumbani, alisema, hakuna mtu wa kumsomea. Bibi yake akisikia neno kuhara anaondoka. Kitabu kingebaki kwangu, na jogoo alikuwa wa kukilinda kisiuzwe. Sikujua hiyo ni sheria ya wapi, lakini nilimpokea jogoo, kwa sababu watu waliokulia kwenye lokesheni ya Chifu, eneo alilolisimamia, hawakuzoea kubishana naye. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nieleze alivyosoma. Alisoma kwa sauti, na alitafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha kwetu, l na r zikibadilishana viti kinywani mwake, hivi kwamba bandari ikawa bandali na meli ikawa meri. Kurasa za kawaida alizisoma ameketi. Kurasa nzito alisimama. Na hakuweza kupita mtu kitabuni bila kumhukumu. Nahodha aliyemficha baharia mgonjwa chini ya magunia: "Huyu ndani." Meya aliyewaambia waandishi wa magazeti kwamba mji ni mzima na wageni waje tu: "Huyu uhamisho. Apelekwe mahali hakuna bandali." Kulikuwa na daktari wa mji, mtu mpole mwenye masharubu, aliyezunguka peke yake akichungulia mitaro na kunusa visima. Zile sehemu za daktari Chifu alizisoma polepole, na hakutoa hukumu.

Watu walikuja kununua kalamu wakaishia kuuliza meya amefikia wapi. Fundi viatu wa kona aliacha kazi akaja kuegemea mlango. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amesikia nusu tu, aliniuliza kwa wasiwasi kama huo mji umeshafunguliwa, kwa sababu binamu yake alikuwa amepata kazi ng'ambo. Chifu alimhakikishia kwamba umefunguliwa, akamwonya binamu achemshe maji hata hivyo.

Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kutisha katika utoto wangu. Nilipokuwa mdogo, ng'ambo ya Naitiri, upande wa Bungoma, ilitosha kusema Chifu anapita ili watoto washuke kwenye mipera bila kuguswa. Alivaa kaki iliyonyooshwa mpaka ikakata, kofia ngumu kichwani, fimbo kwapani. Lakini hata wakati huo alikuwa na mambo yake. Alivamia nyumba za pombe haramu ya chang'aa na kuvunja mitungi, na Krismasi ikifika alizunguka nyumba zilezile akiwapelekea sukari wale wajane aliowavunjia. Hakuogopa jambazi wala mbunge, ila aliogopa bata mzinga. Katika harusi moja, bata mzinga wa bwana arusi alimfukuza kutoka kwenye hema mpaka barabarani, naye hakurudi. Alituma salamu zake kwa waliooana kupitia askari. Aliwakataza watu kula ovyo sokoni, na kila mtu alijua mahali alipojificha kula mandazi.

Mabaraza yake yalikuwa mafupi kuliko yote ya wilaya. Machifu wengine walihutubia mpaka wazee wakasinzia. Yeye alisimama, akasema kesho ni barabara, kila mtu na jembe, nimemaliza. Watu walikuwa bado wanatafuta mahali pa kukaa. Akiulizwa sababu, alisema tangazo refu ni la mtu anayeogopa watu wake.

Sasa nifike kwa jambo ambalo wateja wangu wa Kitale hawakulijua.

Mama yangu alikuwa na kibanda katika soko letu la Jumatano. Aliuza uji, chai na githeri, na uji wake ulikuwa na jina. Watu walitoka mbali na vikombe vyao. Asubuhi moja, soko limeshaanza kujaa, Chifu alitokea na askari wake. Alisema soko limefungwa, hakuna kupika, hakuna kuuza chakula, kila mtu kwake. Hakueleza zaidi. Askari wakaanza kupindua masufuria. Walipofika kwa Mama walimwaga uji wote, ule wa moto, ukaenda mpaka kwa wauza viatu. Mama alikuwa na mwiko mkononi. Alimtandika Chifu nao kichwani, kofia ngumu ikaruka ikaviringika kwenye uji, na soko lote, lililokuwa karibu kulia, likacheka.

Chifu hakumkamata. Aliokota kofia, akaivaa jinsi ilivyokuwa, uji ukimshuka sikioni, akaendelea na kibanda kinachofuata.

Soko lilifungwa kwa majuma kadhaa. Baadaye zikaja habari kwamba kulikuwa na kipindupindu upande wa juu wa mto, lakini kwetu hakuugua mtu. Na kwa sababu hakuugua mtu, watu walihitimisha kwamba hakukuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa ni Chifu tu na ubabe wake. Wakampa jina, Mwaga-Uji, lililomfuata mpaka akastaafu, na likamngoja mbele.

Mama hakumsamehe. Kanisani akimwona ameketi mbele, yeye alihamia nyuma. Akipita na kumsalimu mulembe, kama watu wa kwetu wanavyotakiana amani, Mama aliitikia vizuri sana, lakini kwa mtu aliyekuwa kando yake. Nilipofungua duka Kitale na kumwambia siku moja kwamba Chifu amekuwa mteja wangu, aliniuliza kama nimefunika vyakula vyangu. Basi nikapanga maisha yangu. Mama alikuja kunitembelea katikati ya juma. Jumamosi zilikuwa za Chifu. Niliishi hivyo kwa muda mrefu, kama mtu mwenye ng'ombe wawili wapiganao na zizi moja.

Chifu mwenyewe hakugusia lile jambo hata siku moja, ingawa alijua vizuri mimi ni mtoto wa nani. Lakini niliona ni ukurasa gani aliurudia. Ulikuwa ule ambapo daktari wa mji, meya akiwa ameshashindwa kuficha, anaagizwa kufunga soko la samaki, na mwanamke mmoja muuzaji anamchapa usoni na samaki mbichi. Wasikilizaji walicheka kila mara. Chifu naye alicheka, huku mkono ukimpanda kichwani bila yeye kujua.

Siku moja mvua ilinyesha, duka likawa tupu, tukabaki wawili. Alikuwa amefika kurasa za mwisho. Akanionyesha picha ya sanamu.

"Unaona hapa, Nekesa? Huyu daktari walimjengea sanamu."

Nikasema si alifanya kazi nzuri.

"Alifanya kazi yangu," akasema. "Lakini yeye alicheleweshwa. Watu wakafa, wengi sana, ndiyo wengine wakajua kweli kulikuwa na ugonjwa. Wakamshukuru. Mimi nilifunga mapema. Hakufa hata mbuzi. Sasa mimi ni Mwaga-Uji." Alicheka, lakini kicheko hakikumaliza safari. "Unajua kwa nini nasoma hii kitabu kila saa? Natafuta mahali mtu alishukuriwa kwa kitu chenye hakikutokea. Bado sijapata."

Nilimwekea chai. Akainywa, akasema sukari haitoshi, akarudi ukurasa wa kwanza.

Haikupita muda mrefu, Mama akaja Jumamosi. Jirani yake alikuwa analeta vitunguu Kitale kwa pikapu, nafasi ikawa imebaki, naye Mama hakuona haja ya kupiga simu kwa mtoto wake mwenyewe. Aliingia na mkungu wa ndizi na mfuko wa unga, wakati Chifu amesimama katikati ya duka, mgongo kwa mlango, akisoma. Nikamfanyia Chifu ishara kwa mkono. Akadhani nafukuza nzi, akaendelea. Mama aliweka ndizi chini taratibu, akaketi juu ya gunia la vitabu, akatulia.

Chifu alikuwa anasoma habari za mama wa supu. Huyu alikuwa mwanamke wa ule mji, mwenye jiko karibu na gati, aliyewauzia supu wapakuzi wa meli. Maji aliyachota kwenye mfereji, kama kila mtu. Mfereji ulikuwa umeshaingia ugonjwa, na wakubwa walijua, lakini wafanyabiashara walikuwa wamemsihi meya asiwatie watu hofu. Basi akaendelea kukoroga na kupakua, kwa moyo mweupe, akiwaongezea walio na njaa zaidi. Nyumba za kwanza kuugua zilikuwa za wateja wake. Kisha ikawa yake. Yote yalipokwisha, kitabu kilisema, yule mama alikuwa akienda kusimama kwenye lango la ofisi za mji, akimuuliza kila bwana anayetoka ni nani aliyekuwa anajua.

"Na nani alikuwa anajua?" Mama akauliza, kutoka nyuma.

Chifu akageuka. Waliangaliana. Fundi viatu, ambaye hakuelewa chochote ila alihisi hewa imebadilika, alijikohoza akaondoka.

Ajabu ni kwamba Chifu alijibu kama anavyojibu mtu aliyeuliza barazani. "Meya alijua. Wenye meri walijua. Daktari alijua, akakatazwa kusema."

"Na mama wa supu akaachwa tu apike."

"Akaachwa."

Mama alisogeza mkungu wa ndizi kando kwa mguu. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua asubuhi hiyo hiyo. Afisa wa afya alifika kwangu kabla jua itoke. Huko juu ya mto watu walikuwa wameanza kulala chini. Na nyinyi mlikuwa mnachota huo mto."

"Ukatuambia nini?"

"Nikasema soko limefungwa."

"Basi?"

"Basi."

Nilingoja ngurumo. Haikuja. Mama alizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuwahi kunieleza hata mimi. Alisema miaka yote hii alidhani Chifu alikitaka kile kibanda chake ampatie mtu wake, kwa sababu kilikuwa pale pazuri, karibu na lango. Alimngoja amlete huyo mtu. Soko lilipofunguliwa tena na mtu asiletwe, alidhani ameona aibu.

"Ungeniambia, 'Mama Nekesa, maji ina ugonjwa,'" Mama akasema, "hiyo uji ningemwaga mimi mwenyewe. Hata askari wako wangepumzika. Lakini unakuja kumwaga chakula ya mtu kama unamwaga maji ya kuoshea miguu, na husemi kitu. Mimi nitajuaje?"

Chifu aliketi. Alivua miwani, na bila miwani alionekana mzee zaidi. Alituambia kwamba asubuhi ile alikuwa amejaa hofu. Aliona akianza kueleza, watu watauliza, na yeye hakuwa na majibu. Huenda wangetawanyika na ugonjwa kwenda kila kijiji. Akaamua kusema maneno machache ili wasiione hofu yake.

"Nilikosea hapo," akasema. "Kufunga sikukosea. Lakini hapo nilikosea."

Mama alilipima hilo. Alikata ndizi mbili kwenye mkungu, akanipa moja, nyingine akamnyooshea Chifu, bado hamwangalii vizuri.

"Endelea kusoma," akamwambia. "Huyo mama alijibiwa?"

Kuanzia hapo mpango wangu wa katikati ya juma ukafa kifo chake. Mama akawa mtu wa Jumamosi. Alikuja na maswali yaliyomtoa Chifu jasho. Mama wa supu alitumia kuni au makaa? Kama ni makaa, supu si ilichemka vizuri, basi ugonjwa uliingilia wapi, si ni kwenye vile vikombe alivyosuuza kwa maji baridi? Chifu alipekua kurasa, akakuta kweli kitabu kilitaja vikombe, akamwangalia Mama juu ya miwani. Waligombana pia. Chifu alimtetea daktari kwa kila alichofanya. Mama alisema daktari angeenda kwa mama wa supu kisirisiri amwambie, meya angejuaje? Chifu akasema kazi ya serikali haifanyiki hivyo. Mama akasema ndiyo maana watu walikufa. Wateja wangu waliacha kumsikiliza mwandishi wakawa wanawasikiliza wao.

Na Mama, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa soko, alirudi nyumbani na kuwasimulia. Mimi sikuwepo, ila dada yangu aliniambia kwamba kule sokoni yule meya alikuwa anatukanwa kana kwamba ana nyumba Kanduyi, hapo hapo Bungoma.

Kisha magoti ya Chifu yakamshinda, akaenda Endebess. Nilimpa kitabu. Safari hii alikipokea, akaniachia kile kiti cha plastiki kilichokuwa changu tangu mwanzo, na kuniambia nisilegee.

Mvua za juzi ndizo zilizoleta habari zenyewe. Mto ulifurika, vyoo vya bondeni vikabomoka, na wahudumu wa afya wa kijiji wakamjia Mama asubuhi ya soko wakiwa na nyuso ndefu. Huko juu watu walikuwa wameanza kuhara na kutapika, maji yalikuwa yanapelekwa kupimwa. Chifu wa sasa alikuwa ameitwa mkutanoni Bungoma mjini, hapatikani kwenye simu. Waliuliza Mama anashauri nini.

Mama alipanda juu ya benchi. Dada yangu, anayeuza mboga hapo, ananiapia kwamba hotuba ile ilianza umande ukiwa bado kwenye nyasi na jua likapanda Mama yuko palepale. Aliwaeleza habari za mto. Aliwaeleza habari za mji wa bandari, mama wa supu, vikombe, meya na meli, mpaka wasichana wengine wakadhani jambo lile limetokea Kisumu wiki iliyopita. Aliwaeleza namna ya kuchemsha maji, na kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa. Aliruhusu maswali. Asilolijua alisema halijui, akamwita mhudumu wa afya ajibu. Halafu akashuka, akaenda kwenye kibanda chake, akabeba sufuria yake mwenyewe, akaimwaga mtaroni mbele ya watu wote.

Wengi walimfuata. Wengine walifunga kwa sababu walichoka kusikiliza. Na mmoja, mwenye hoteli ndogo pale langoni, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mama huyu amezeeka, anataka wenzake wafunge ili abaki na wateja. Mama alimwacha aseme. Alikaa langoni mpaka jioni akirudisha watu waliokuja na vikombe.

Kwetu hakuugua mtu. Dawa ikatiwa kwenye maji, maji yakapimwa tena, soko likafunguliwa. Na juma hilohilo simu yangu ikalia, Mama akaniambia nifunge duka Jumamosi, tunakwenda Endebess.

Tulimkuta Chifu nyuma ya nyumba ya binti yake, amevaa gambuti, ameketi kando ya mikebe ya maziwa inayongoja kuchukuliwa, akimweleza mfanyakazi wa ng'ombe, mtu mzima wa makamo, jinsi ya kupanga mikebe ambayo ilikuwa imeshapangwa. Alifurahi akataka kusimama. Mama hakungoja salamu ziishe.

"Chifu, wanasema hakukuwa na ugonjwa."

Chifu akamtazama.

"Ati niliwapotezea soko bure. Ati nimezeeka. Yule wa hoteli anaambia watu nilikuwa naota. Mimi! Nimesimama juu ya benchi mpaka miguu imefura."

"Hakufa mtu?" Chifu akauliza.

"Hata mmoja."

"Hakuna mwenye alilazwa?"

"Hakuna, bana. Wote wako tu huko wananisema."

Kwanza mabega ya Chifu yalitikisika. Kisha kicheko kikamtoka, kile kirefu, mpaka akalazimika kuvua miwani na kujifuta, na ng'ombe mmoja akainua kichwa kutoka kwenye hori. Mama alimkazia macho, akajaribu kukasirika, akashindwa. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakicheka pamoja kwa jambo moja.

Chifu alishika ukuta, akajiinua kwa yale magoti yake mabovu, akasimama wima kama zamani, akampa Mama mikono yote miwili.

"Mama Nekesa," akasema, "karibu kwa ofisi."

Akamwita binti yake alete kiti kingine, akakiweka kando ya chake. Wakaketi, wakaomba chai, wakaanza kuwasema watu wa lile soko, mmoja baada ya mwingine, wote wazima.